Krismasi ya Mvua Mpakani



Sikukuu inabisha hodi. Kabla ya kuzungumzia usalama, tunaomba kuwarudisha nyuma kidogo, kwenye Krismasi za utoto wetu hapa Busia. Tulikuwa watoto wanne wa mtaa mmoja. Leo wawili wetu wamevaa sare ya polisi na wawili wanafanya biashara sokoni. Tunayoyasema ni ya wote wanne.

Hatukuijua Krismasi kwa kalenda. Tuliijua kwa hali ya hewa. Mvua za pili zilipokatika na vumbi likaanza kuruka barabarani, tulijua siku imekaribia. Maharagwe yalianikwa uani. Mama zetu walikandika kuta upya kwa udongo na samadi, nasi tukatumwa kuchota maji. Fundi cherehani alikesha akishona magauni na kaptula, na kaptula zilishonwa kubwa makusudi ili zifae hata mwaka uliofuata. Waganda huiita siku hiyo Sekukulu, neno lililotokana na "siku kuu" ya Kiswahili.

Siku yenyewe, baada ya ibada, tulivuka kwenda kusalimia. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka, hivyo mtu aliweza kula chakula cha mchana kwao Uganda na kuku wa jioni kwa shangazi yake Kenya. Njiani kila mtu mzima alituuliza swali moja: "Ninyi ni wana wa nani?" Tuliliona kero. Tulitaka kupita tu, tuonyeshe nguo mpya.

Mwaka 1997 majira yaligeuka. Ndio mwaka wa mvua za El Niño, zilizoanza Oktoba zikaendelea hadi mwaka mpya. Kuta zilizokandikwa zilimomonyoka, kuni zikalowa, na Mto Sio ukafurika. Wazazi walitukataza kuvuka. Asubuhi ya Krismasi jua lilitoka, maji yakaonekana yamepungua, nasi tukaenda ng'ambo bila kumuaga mtu.

Tuliporudi jioni, mawe tuliyoyakanyaga asubuhi hayakuonekana tena. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu mto unakotoka. Mkubwa wetu alivua viatu, akavifunga shingoni, akatia mguu majini. Mama mmoja aliyekuwa akianua mihogo karibu na mto alikuja mbio akamshika mkono. "Ninyi ni wana wa nani?" Tulinyamaza. Akauliza tena. Tulipowataja baba zetu, hakuwajua. Lakini mtaa wetu aliujua. Daraja lilikuwa mbali na giza limeingia. Akatupa uji, akatulaza kwenye mkeka jikoni kwake.

Usiku tuliona taa zikienda na kurudi kwenye ukingo wa upande wetu. Tulidhani ni wavuvi. Asubuhi, yule mama alipotuzungusha hadi darajani, tuliwakuta mama zetu wameketi chini, matope magotini, sauti zimewakauka. Walikuwa wametuita usiku kucha, na mvumo wa maji ulizimeza sauti zao.

Siku chache baadaye, mto uleule ulimchukua kijana tuliyesoma naye. Naye hakuwa amemuaga mtu. Alipofika kivukoni, hapakuwa na wa kumuuliza.

Ndugu zetu, Busia imebadilika. Tangu mwaka 2018 tuna kituo cha pamoja cha mpakani, na karibu kila nyumba ina simu. Hata hivyo, kila msimu wa sikukuu bado tunapokea wazazi wasiojua watoto wao wamelala wapi. Wengine wamepita njia za panya wakafuata watu waliowaahidi kazi. Nayo Desemba haiaminiki tena: mwaka huu vumbi, mwaka mwingine mafuriko.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne. Kwanza, mtoto anayevuka mpaka avuke na mtu mzima anayemjua, tena kwenye kituo rasmi. Pili, kila mtoto aage: aseme anakwenda kwa nani na anarudi lini, na mzazi ampigie simu mwenyeji kuhakikisha amefika. Tatu, msivuke mto kwa kuangalia anga la hapa tu, kwa maana maji ya mvua ya mbali huweza kufika huku jua likiwaka. Nne, mkimwona mtoto peke yake, au akiwa na mtu ambaye hana maelezo, msipite kimya. Namba ya msaada wa watoto ni 116, Uganda na Kenya vilevile. Polisi tunapatikana kwa 999.

Yule mama wa mihogo hatukumuuliza jina lake, na tulipokuwa watu wazima tukarudi kumshukuru, nyumba ile haikuwapo tena. Hakutuuliza sisi ni raia wa nchi gani. Alitaka kujua tu ni nani anayetungoja nyumbani. Krismasi hii tunawaomba mmuulize hivyo kila mtoto mtakayemkuta njiani peke yake, awe wa upande huu au wa ule.

Tunawatakia sikukuu yenye amani.