Mshahara na Bei ya Chumba: Ajira ya Serikali katika Soko la Nyumba la Dodoma

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Tanzania Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji waliizoea zaidi kwa jina la CDA. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam, na soko la nyumba la Dodoma likaendelea kuwa la makao makuu ya mkoa, likitegemea vikao vya Bunge, reli, biashara ya mazao na, kuanzia mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Dodoma. Hali hiyo ilibadilika Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote itahamia huko, na miezi miwili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini, na ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 765,179. Ni nadra kwa uchumi wa makazi kupata mfano ulio wazi kiasi hiki, ambapo ajira ilihamishwa kwa tamko, na mtafiti anaweza kufuata hatua kwa hatua namna mshahara unavyogeuka kuwa kodi ya chumba na hatimaye kuwa bei ya ardhi.

Wachumi hutumia istilahi ya mnyumbuko wa ugavi kueleza kiasi ambacho bidhaa huongezeka sokoni bei yake inapopanda. Mnyumbuko wa nyumba ni mdogo mno katika muda mfupi, kwa kuwa mtumishi aliyepewa barua ya uhamisho huweza kuwasili katika wiki mbili, ilhali nyumba ya kumpokea huhitaji kiwanja kilichopimwa, barabara, umeme na maji, na Dodoma ni mji mkavu ambao kwa miongo mingi umeyategemea maji ya visima vya Mzakwe. Katika pengo hilo la muda, mshahara mpya hauongezi idadi ya vyumba. Huongeza kodi ya vyumba vilevile vilivyokuwapo. Ndivyo chumba cha Chang'ombe au Nkuhungu kinavyoweza kupanda kodi bila kupakwa rangi wala kuongezwa bomba, kwa sababu tu aliyekosa nyumba Area C au Kisasa ameshuka kutafuta huku, naye aliyekuwa huku akasukumwa mbele zaidi, hadi pembezoni.

Mara nyingi inadhaniwa kwamba kinachopandisha kodi ni ukubwa wa kipato. Mhadhara huu unashikilia kwamba uhakika wa kipato una nguvu kubwa zaidi, na ushahidi ulio karibu kabisa ni desturi ya kulipa kodi kwa mkupuo. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, na dalali naye hudai kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Chukulia chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi: anayekihitaji hana budi kuwa na shilingi 360,000 za mwenye nyumba na 60,000 za dalali, jumla 420,000, kabla hajaingiza godoro. Mwalimu au karani wa wizara huzipata fedha hizo kwa mkopo unaokatwa katika mshahara, kwa kuwa benki inajua tarehe ambayo mshahara utaingia. Mama lishe anayempikia karani huyo huweza, katika mwezi mzuri, kupata kiasi kisichopungua mshahara wake, lakini kwa kuwa hupata kidogokidogo na hana hati ya kumwonyesha mkopeshaji, hushindwa kukipata chumba ambacho angeweza kukilipia kila mwezi bila taabu. Wawili hao wana kipato kinachokaribiana, na soko linawatenga kwa kalenda. Hili ni jambo la kusikitisha, hasa kwa kuwa mji hauwezi kuishi siku moja bila huduma ya huyo anayetengwa.

Ajira hiyohiyo yenye uhakika ndiyo pia inayojenga, ingawa kwa mwendo wake. Mikopo ya nyumba ya muda mrefu imewafikia Watanzania wachache, na kwa hiyo watumishi wengi hujenga kwa mikopo ya mishahara ya miaka michache, awamu kwa awamu: mkopo wa kwanza hununua kiwanja na kumwaga msingi, wa pili hupandisha kuta hadi lenta, kisha kazi husimama mpaka deni lipungue na mkopo mwingine uruhusiwe. Matokeo yake ni maboma, yaani nyumba zenye kuta zisizo na bati, ambazo zimejaa Nzuguni na kwingineko, majani yakiota mahali palipokusudiwa kuwa sebule na nondo zikishika kutu juu ya nguzo za baraza. Kila boma ni nyumba iliyokwisha kununuliwa kwa sehemu kubwa, lakini haimhifadhi mtu na haipunguzi kodi ya yeyote. Mjadala wa upungufu wa nyumba huzungumzia zaidi miradi mipya, na huyapita maboma hayo kana kwamba hayaonekani, ilhali mkopo wa kuezeka na kuweka milango ungeleta vyumba sokoni haraka kuliko mradi wowote unaoanzia msingi.

Tarajio la ajira nalo lina bei yake. Mtwara, baada ya gesi asilia kugunduliwa kwa wingi katika kina cha bahari, viwanja na nyumba za kupangisha zilipanda thamani kwa ajira ambazo zilikuwa bado katika mazungumzo. Mradi mkubwa wa kusindika gesi ulipochelewa, waliojenga kwa matumaini hayo walibaki na nyumba zisizo na wapangaji. Tofauti ya Dodoma ni kwamba mwajiri aliwasili kweli.

Linabaki swali la nani aliyepokea faida. David Ricardo alieleza mwaka 1817 kwamba ustawi wa uchumi huelekea kuishia katika kodi ya ardhi, kwa kuwa ardhi haiongezeki, na barabara ya kutoka katikati ya jiji kwenda Mtumba, ulipojengwa Mji wa Serikali, inaonyesha maana ya hoja hiyo. Maeneo ya Ihumwa na Mtumba yalikuwa mashamba, mengi ya familia za Kigogo zilizolima uwele na mtama. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati, lakini mthamini anayefika shambani kabla ya upimaji hukuta shamba, naye hulithamini kama shamba. Bikoni zikishasimikwa na wizara ikishahamia jirani, ekari ileile hugawanywa viwanja na kuuzwa kwa mita ya mraba. Ongezeko hilo la thamani halikutokana na jasho la mnunuzi wa kwanza wala la dalali wake. Lililetwa na mishahara inayolipwa kwa fedha za umma. Ingekuwa haki sehemu yake imrudie aliyelima pale, kwa mfano kwa kumpa baadhi ya viwanja vilivyopimwa ndani ya shamba lake mwenyewe pamoja na fidia ya mazao, na sehemu nyingine igharimie mabomba ya maji ya mitaa ambayo mama lishe na mlinzi wa wizara wamesukumiwa.