Nyayo za Mla Watu: Elimu ya Wanakijiji wa Kumaon na Garhwal



Katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri amezikwa Edward James Corbett, maarufu kwa jina la Jim. Alizaliwa Naini Tal, kaskazini mwa India, Julai 1875, akafariki Nyeri Aprili 1955, miaka minane hivi baada ya kuhamia Kenya pamoja na dada yake Maggie. Kwa zaidi ya miaka 30 aliitwa mara kwa mara kwenda kuwasaka chui milia na chui waliozoea kula watu katika milima ya Kumaon na Garhwal. Vitabu alivyoandika kuhusu kazi hiyo, kuanzia kile cha 1944 kilichompa umaarufu, vimesomwa duniani kote, na wengi wetu tulivipata tukiwa bado shuleni.

Tumezoea kuvisoma kama sifa za mwindaji mmoja. Nimekuja kutetea usomaji mwingine. Ukivirudia taratibu utaona kwamba kila msako ulianza na kitu alichokijua mwanakijiji, na mara nyingi mwanakijiji huyo alikuwa mwanamke. Visa hivi ni kumbukumbu za elimu ya watu wasiokuwa na bunduki.

Tuanze na mahali penyewe. Vijiji vya Kumaon vimeketi juu ya miteremko mikali, mashamba yake yamekatwa ngazi kwa ngazi, na juu yake kuna misitu ya mialoni na misonobari. Ng'ombe hulishwa kwa majani yanayokatwa kwa mundu, na kazi hiyo ni ya wanawake. Wao ndio hupanda mialoni kukata matawi, ndio huinama kwenye nyasi ndefu, ndio hurudi jioni na mizigo ya kuni kichwani. Kwa hiyo chui milia alipoanza kuwinda watu, waliokutana naye kwanza walikuwa wao. Mifugo haiwezi kufungiwa njaa, na kuni haziji zenyewe. Kukaa ndani hakukuwa chaguo.

Mwaka 1907 Corbett aliitwa Champawat. Kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe, jike la chui milia lililokuwa likizunguka huko lilikuwa limeua watu 200 Nepal kabla ya kufukuzwa na wanaume wenye silaha, kisha likavuka mpaka na kuendelea Kumaon, hadi jumla ikafika 436. Alipofika kijiji cha Pali aliwakuta watu wamejifungia majumbani kwa siku 5. Hawakuthubutu kwenda hata mtoni.

Katika safari hiyo alikutana na mwanamke ambaye nafikiri ndiye shujaa wa kisa chote. Mwaka mmoja nyuma alikuwa akikata majani na dada yake mkubwa. Chui milia akamkamata dada. Huyu mdogo hakukimbia. Alimfuata mnyama huku akiupunga mundu wake, akipiga kelele amwachie dada yake na amchukue yeye. Alikimbia hivyo karibu hatua 100, ndipo mnyama akauangusha mzigo wake chini na kumgeukia. Alifika kijijini akiwa hai, lakini sauti imekatika. Tangu siku hiyo hakutamka neno. Corbett alipopita tena na ngozi ya yule mnyama, akaitandaza mbele yake, mwanamke huyo aliinuka akaanza kuwaita wenzake kwa sauti waje waone.

Mwindaji alikuwa na bunduki. Mwanamke alikuwa na mundu. Katika vitabu vinavyosimulia kisa hiki, yeye hupewa aya chache, na jina lake hatulijui.

Msako wenyewe ulianza pale msichana alipochukuliwa karibu na Champawat akiokota kuni na wenzake. Waliokuwepo walimwonyesha Corbett mti wenyewe, damu iliyomwagika chini yake na ushanga wa buluu uliokatika. Kutoka hapo alifuata mburuzo hadi kwenye korongo. Siku iliyofuata tahsildar, yaani ofisa mkusanya kodi wa mahali hapo, alikusanya wanaume karibu 300. Alitangaza kwamba asingeuliza habari za bunduki zisizo na leseni, na bunduki zikajitokeza kutoka mafichoni! Wanaume wakajipanga juu ya ukingo wa bonde, wakapiga ngoma, wakapiga mayowe, wakaporomosha mawe. Mnyama aliswagwa hivyo hadi mbele ya Corbett, ambaye risasi zilimwishia na ikambidi aazime bunduki ya tahsildar kummaliza. Mtu 1 alipiga risasi. Watu 300 walimleta mnyama mbele ya risasi.

Kuhusu zile bunduki zilizofichwa, nitasema jambo ambalo Corbett hakulisema kwa uzito unaostahili. Sheria ya Silaha ya India ya 1878 ilimtaka raia awe na leseni kabla ya kumiliki bunduki, na leseni hazikuwa za kila mtu. Kisha, katika miaka ya 1910, serikali ya kikoloni iliweka sehemu kubwa ya misitu ya Kumaon chini ya udhibiti wake na kubana haki za malisho na kuni. Mwaka 1921 wananchi waligoma kubebeshwa mizigo ya maofisa bila ujira, na misitu ikateketezwa kwa moto wa makusudi. Mwanakijiji aliyenyang'anywa bunduki na kubanwa msituni ndiye yule yule aliyekuwa akisubiri serikali imletee mwindaji. Unyonge wake mbele ya chui ulikuwa na sababu za kisiasa, na mwanahistoria akiuacha upande huo anabaki na nusu ya habari.

Sasa nije kwenye elimu yenyewe ya kufuata nyayo, maana hapa ndipo penye utamu. Unyayo wa chui milia dume ni wa mraba, vidole vyake mviringo. Wa jike ni mrefu kidogo na vidole vimechongoka. Nyayo za mnyama mzee huonyesha mikunjo na mipasuko. Jani lililokanyagwa likiwa bado linainuka, mnyama yu karibu. Na msitu hausomwi kwa macho tu. Kima wa langur akikohoa kutoka juu ya mti, paa mdogo aitwaye kakar akibweka kama mbwa, au kulungu mkubwa, sambar, akitoa mlio wake mkali, kila mmoja anatangaza mahali hatari ilipo na inaelekea wapi. Corbett aliisoma lugha hiyo tangu utotoni katika msitu wa Kaladhungi, akifundishwa na wenyeji waliomzunguka.

Alijua pia upepo. Alieleza kwamba chui milia hajui kuwa pua ya binadamu ni dhaifu, hivyo humnyatia mtu kama anavyomnyatia kulungu, akitokea upande ule upepo unaoelekea. Upepo ukimpiga mtu usoni, hatari iko mgongoni. Basi alitembea kwa kukata pembe, kushoto na kulia, ili hatari isimjie kutoka nyuma. Mtu anayejua hili anaweza kupita msituni akiwa na mundu tu na nafasi yake ya kurudi nyumbani ikaongezeka.

Chui wa Rudraprayag ni habari nyingine kabisa. Rudraprayag iko mahali mito Alaknanda na Mandakini inapokutana, kwenye njia ya mahujaji wa Kihindu wanaopanda kwenda Kedarnath na Badrinath. Kuanzia 1918 hadi 1926 chui mmoja dume aliua watu 125 kwa hesabu ya serikali. Chui milia mla watu huwinda mchana. Chui mla watu huwinda usiku, na hofu yake kwa binadamu haimtoki. Kwa hiyo jua lilipozama, eneo lote lilinyamaza na milango ikafungwa. Mahujaji walilala wamebanana katika vibanda vya majani kando ya njia.

Kisa kimoja kinaonyesha alivyokuwa. Kijana yatima wa miaka 14 aliajiriwa kuchunga mbuzi 40, akawa analala nao chumba kimoja. Chui aliusukuma mlango, akapita katikati ya mbuzi wote, akamchukua kijana. Hakuna mbuzi hata mmoja aliyekwaruzwa.

Walijaribu sumu, mitego ya chuma na leseni za ziada za bunduki. Suala lilifika hadi Bunge la Uingereza. Wapo waliosema kwamba huyu si mnyama bali ni pepo, na sioni sababu ya kuwacheka, kwani aliponea kila kilichompata. Corbett alikaa usiku 20 juu ya mnara wa daraja la kuning'inia akimngoja avuke, na chui hakuvuka. William Ibbotson, naibu kamishna wa Garhwal, alishiriki naye sehemu ya msako huo mrefu. Mwishowe, Corbett alijenga ulingo juu ya mwembe huko Gulabrai, pembeni ya njia ya mahujaji, akamfunga chini mbuzi mwenye kengele. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 1926 kengele ililia. Alimwua chui kwa risasi 1. Kulipokucha akamwona mnyama mzee, meno yamelika. Watu walikuja kutoka vijiji vingi, wakamrushia maua.

Kwa nini mnyama anageuka kuwa mla watu? Corbett alijibu kwa kuchunguza maiti za wanyama aliowaua. Jike la Champawat lilikuwa na chonge mbili za upande wa kulia zilizovunjika, kutokana na risasi ya zamani. Chui milia mwingine, wa Muktesar, alikuwa amepoteza jicho na kuchomwa na miiba mingi ya nungunungu mguuni. Mnyama asiyeweza kukamata kulungu humgeukia binadamu asiye na mbio. Kwa chui wa Rudraprayag alitoa sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Mwaka 1918 homa ya mafua iliua watu wengi kiasi kwamba walio hai hawakuweza tena kuwabeba wafu hadi mtoni na kuwachoma kwa utaratibu wa dini. Kaa la moto liliwekwa kinywani mwa marehemu, na mwili ukasukumwa bondeni. Chui walikula. Maradhi yalipopungua, wakawatafuta walio hai.

Sisi hapa Tanzania tunayajua haya. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliohesabu zaidi ya Watanzania 563 waliouawa na simba kati ya 1990 na 2004, wengi wao kusini mwa nchi. Nguruwe pori huingia shambani, mkulima hulala nje kulinda mahindi, na simba anayemfuata nguruwe humkuta mkulima. Simba aliyeuawa Rufiji mwaka 2004, baada ya kuua watu zaidi ya 30, alikutwa na jipu kwenye jino. Sura ni ile ile ya Champawat, nayo haikuhitaji miaka 100 kujirudia.

Corbett mwenyewe aliupunguza uwindaji, akabeba kamera, na alishiriki katika juhudi za kuanzisha hifadhi ya taifa ya 1936 iliyopewa jina lake baada ya kifo chake. Humo ndimo mradi wa India wa kuhifadhi chui milia ulipozinduliwa mwaka 1973. Namheshimu kwa hilo, na namheshimu zaidi kwa kuwasikiliza maskini wa milimani wakati ambapo maofisa wengi hawakuwasikiliza.

Ombi langu ni kwa idara zetu za historia, isimu na wanyamapori. Rufiji, Lindi na Mtwara wapo wazee waliolinda mashamba usiku, wanawake waliotembea kwa makundi kwenda kisimani, na vijana waliofuata nyayo za simba kabla askari wa wanyamapori hawajafika. Nendeni mkawarekodi kwa Kindengereko, kwa Kimwera, kwa Kimakonde. Andikeni majina yao wakiridhia, na maneno yao yatunzwe katika maktaba ya chuo hiki. Mashahidi wa miaka ya 1990 bado wako hai. Kazi ianze mwaka huu.