Aliyekuwa Rais Mbele ya Korti

(Maneno aliyoyasema Katibu wa Elimu katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu ya usiku, hawakuweza kuhudhuria.)



Mwezi uliopita, saa ya chakula, ndugu yetu mmoja alisimama akasema maneno ambayo wengi waliyapigia makofi. Alisema, "Korti ni ya maskini. Mfanyakazi akivunja amri ya korti hufungwa. Mkubwa akiivunja huandikiwa barua." Niliahidi kumjibu, na leo nimekuja kulipa deni hilo. Lakini sitajibu kwa ndiyo wala kwa hapana. Nitawaeleza habari ya kesi za Bwana Jacob Zuma wa Afrika ya Kusini, kisha nitarudi hapa kwetu Kenya, maana mambo yale yanatugusa sisi wenye vyama kuliko mnavyodhani.

Kwanza yafaa mumjue mtu mwenyewe. Bwana Zuma si mtoto wa tajiri. Mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa watu, na yeye hakupata shule. Alifungwa miaka 10 katika kisiwa cha Robben kwa kupigania uhuru. Mwaka 2007, alipogombea uongozi wa chama cha ANC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi liitwalo COSATU lilikuwa upande wake. Akawa Rais mwaka 2009. Na mwezi wa Aprili 2017 shirikisho lile lile lilimwambia ajiuzulu. Alijiuzulu tarehe 14 Februari 2018. Nasema haya ili msidhani nazungumza habari za adui wa wafanyakazi. Huyu ni mtu ambaye wafanyakazi walimbeba mabegani.

Mambo ya korti yalianza hata kabla hajatoka kitini. Serikali ilikuwa imetumia randi kama milioni 246 kwa nyumba zake za kijijini Nkandla, na fedha hizo ziliandikwa kuwa ni za ulinzi. Bibi Thuli Madonsela, aliyekuwa ofisa wa kusikiliza malalamiko ya raia juu ya serikali, alichunguza, akatoa ripoti yake Machi 2014. Katika vitu vilivyoitwa vya ulinzi alikuta bwawa la kuogelea, zizi la ng'ombe na banda la kuku. (Hapa wanachama walicheka.) Ndiyo, chekeni, lakini fedha zile zilikuwa kodi ya watu kama ninyi. Alisema Rais alipe sehemu yake. Rais hakulipa, na wabunge wa chama chake wakamtetea. Tarehe 31 Machi 2016 Korti ya Katiba, majaji wote kwa kauli moja, ilisema Rais ameshindwa kuilinda Katiba aliyoiapia, na sharti alipe. Hesabu ilipofanywa ikawa randi milioni 7 na laki 8 hivi. Alikopa benki akalipa.

Sasa tufike penyewe. Januari 2018, akiwa bado Rais, Zuma mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza madai kwamba watu binafsi walikuwa wameishika serikali na kuichuma. Mkuu wa tume alikuwa Jaji Raymond Zondo. Alipoacha urais akaitwa kutoa ushahidi. Novemba 2020 aliinuka katikati ya kikao akaenda zake bila ruhusa. Tarehe 28 Januari 2021 Korti ya Katiba ilimwamuru aende akajibu maswali. Februari ikafika, hakwenda. Tume ikarudi kortini kuomba afungwe miaka 2 kwa kosa la kudharau korti.

Angalieni vizuri jinsi korti ilivyokwenda. Haikutuma askari siku ile ile. Ilimwandikia ikimwomba aeleze kwa hati ya kiapo, kama akionekana na kosa, ni adhabu gani anaona inamfaa. Nani kati yetu amewahi kuulizwa hivyo na hakimu? Naye hakutoa kiapo. Alituma barua ya kurasa 21 ya kuwalaumu majaji. Kwa hiyo ndugu yetu aliyesema wakubwa huandikiwa barua alikosea kidogo: hapa mkubwa ndiye aliyeiandikia korti barua.

Tarehe 29 Juni 2021 hukumu ilisomwa na Jaji Sisi Khampepe, ambaye aliteuliwa katika korti hiyo mwaka 2009 na Zuma mwenyewe. Kifungo cha miezi 15. Alipewa siku 5 ajipeleke. Asipojipeleka, polisi wamchukue ndani ya siku 3. Usiku wa tarehe 7 Julai, zikiwa zimebaki dakika tu kabla ya saa sita ya usiku, alijitia mikononi mwa polisi, akapelekwa katika gereza la Estcourt.

Yaliyofuata mnayakumbuka. Katika jimbo la KwaZulu-Natal na lile la Gauteng maduka, maghala na viwanda viliporwa na kuchomwa. Watu zaidi ya 350 walikufa. Na moto ulipozimika, waliokuta lango la kazi limefungwa, hakuna kazi tena, hawakuwa majaji wala wakubwa wa chama. Walikuwa makuli wa maghala na wauzaji wa madukani. Mimi nimesikia watu wakisema afadhali korti ingemwacha mzee, maisha yale yasingepotea. Siwezi kukubali. Ikiwa mwenye watu wa kuchoma maghala haguswi na amri, na asiye na watu anafungwa, basi amri ile haina tofauti na kiboko cha nyapara.

Lakini nataka tukae kidogo juu ya hukumu yenyewe, maana magazeti mengi yalipita upesi. Majaji walikuwa 9. Saba walikubaliana na kifungo. Wawili, Jaji Leona Theron na Jaji Chris Jafta, hawakukubali. Si kwamba walimwona Zuma hana kosa. Walisema kwamba kumfunga mtu kwa adhabu tu, bila kumpa tena nafasi ya kutii amri, na bila kumshtaki kama washtakiwa wengine wa jinai, ni kumnyima haki ambazo Katiba inampa kila mshtakiwa. Walitaka jambo hilo lipelekwe kwa mkuu wa mashtaka. Na kumbukeni, Korti ya Katiba ni ya mwisho. Mtu akifungwa hapo hana pengine pa kukata rufani. Zuma aliomba korti iifute hukumu yake yenyewe, na tarehe 17 Septemba 2021 ombi hilo likakataliwa.

Kwa nini nawachosha na majaji wawili walioshindwa? Kwa sababu sisi tunaijua sheria hii ya kudharau korti kwa ngozi zetu. Tarehe 13 Februari 2017, hapa Nairobi, viongozi 7 wa chama cha madaktari walifungwa mwezi mmoja kwa sababu hawakuusimamisha mgomo kama Korti ya Kazi ilivyoamuru. Mgomo ule ulikuwa juu ya mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2013 na hayakutimizwa. Walilala ndani siku mbili, kisha Korti ya Rufani ikawafungulia tarehe 15 Februari ili mazungumzo yaendelee. Mgomo ulikwisha Machi baada ya siku 100.

Na mimi mwenyewe, mwaka mmoja, nililetewa amri ya korti langoni tukiwa mgomoni. Ilikuwa karatasi ya Kiingereza cha mawakili, na aliyeileta aliitupa miguuni pangu akaondoka. Sikulala usiku ule. Kwa hiyo nikisoma kwamba jaji fulani amesema mtu asifungwe kwa njia ya mkato, hata kama mtu huyo ni Rais mzee aliyeidharau korti waziwazi, nasimama kusikiliza. Maana sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na njia ya mkato iliyotumiwa kwa mkubwa leo, kesho itatumiwa kwa mjumbe wetu wa kazini. Mimi naona majaji saba walikuwa na haki, kwa kuwa mtu huyu alipewa nafasi ya kusema akaikataa, tena zaidi ya mara moja. Lakini wale wawili si wajinga, na wala si watu wa Zuma.

Sasa, kifungo kilitumikiwaje? Hapa ndugu yetu wa saa ya chakula ana haki yake. Tarehe 5 Septemba 2021, kabla miezi miwili haijatimia, mkuu wa magereza, Bwana Arthur Fraser, alimfungulia kwa ajili ya ugonjwa, hali madaktari wa bodi iliyowekwa kwa kazi hiyo hawakulikubali jambo hilo. Desemba 2021 Korti Kuu ikasema ruhusa ile haikuwa halali. Novemba 2022 Korti ya Rufani ikasema vile vile. Tarehe 11 Agosti 2023 mzee alirudi gerezani, akaandikishwa, na kabla ya saa mbili kupita alikuwa nje tena, kwa msamaha uliotolewa kwa wafungwa wengi ili kupunguza msongamano. Kila karatasi ilikuwa sawa. Hata hivyo mfungwa wa kuiba kuku asingeshughulikiwa upesi namna ile, nalo ni jambo la aibu.

Lakini kifungo kile hakikupotea bure. Katika uchaguzi wa 2024 Zuma alisimama na chama kipya, MK. Katiba ya kwao inasema mtu aliyehukumiwa zaidi ya miezi 12 gerezani, bila nafasi ya kulipa faini, hawezi kuwa mbunge mpaka miaka 5 ipite baada ya kifungo kwisha. Korti ya Uchaguzi ilisema hukumu yake haihesabiwi, kwa kuwa hakuwa na pa kukata rufani. Tarehe 20 Mei 2024, siku 9 tu kabla ya kura, Korti ya Katiba iliipindua: kinachohesabiwa ni miezi 15 aliyohukumiwa, si siku alizolala ndani. Jina lake likaondolewa katika orodha, ingawa picha yake ilibaki katika karatasi ya kura. Chama chake kilipata viti 58 bungeni bila yeye kuwa mbunge. Wapiga kura walikuwa na haki yao, na korti nayo ilikuwa na yake.

Liko neno moja zaidi, la fedha. Mashtaka makubwa ya Zuma ni ya ununuzi wa silaha wa mwaka 1999. Alishtakiwa mara ya kwanza mwaka 2005, mashtaka yakaondolewa mwaka 2009 kabla tu hajawa Rais, yakarudishwa mwaka 2018. Mei 2021 alisimama akakana. Miaka minne baadaye shahidi wa kwanza alikuwa bado hajaitwa, kwa sababu ya ombi juu ya ombi na rufani juu ya rufani. Nani alikuwa akiwalipa mawakili? Kwa miaka mingi ilikuwa serikali. Aprili 2021 Korti ya Rufani ilisema kesi ile ni yake mwenyewe, si ya kazi ya urais, na fedha zirudishwe. Sisi tunaochanga shilingi mia mia kumwekea wakili mwanachama aliyefukuzwa tunajua uzito wa maneno hayo. Mtu asiyelipa wakili kwa mfuko wake hana haraka ya kumaliza kesi.

Nirudi nyumbani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 143, inasema Rais hashtakiwi kwa jinai akiwa kitini, wala hapelekwi kortini kwa madai juu ya yale aliyoyafanya kwa mamlaka ya urais. Machi 2022 Korti ya Juu ilikaza jambo hilo katika kesi ya BBI: akiwa kitini, madai ya namna hiyo hayafunguliwi juu yake binafsi. Wengi husoma mpaka hapo wakafunga kitabu kwa hasira. Someni kijifungu cha tatu. Kinasema miaka aliyokaa kitini haihesabiwi katika muda wa kuleta kesi. Yaani saa ya sheria inasimama anapoapishwa, inaanza kutembea tena anapotoka. Kinga ile ni ya kiti, nayo hukaa na kiti.

Hiyo saa kwenu haisimami. Mfanyakazi aliyefukuzwa bila haki, au aliyenyimwa malipo yake, ana miaka 3 tu ya kwenda kortini kwa sheria ya kazi ya 2007, naye akichelewa mwaka wa nne jaji hana uwezo wa kumsaidia hata akimhurumia. Mwaka jana walikuja ofisini watu wawili wenye madai mazuri kabisa, mmoja amechelewa miezi minane. Alikuwa akingoja mwandikaji wake atimize ahadi ya mdomo.

Kwa hiyo mwenye dai asingoje mkutano ujao, aje Jumatatu. Na mjumbe yeyote atakayeletewa karatasi ya korti, hata ikiwa imetupwa chini, aiokote, aandike saa na tarehe nyuma yake, ailete ofisini siku ile ile, hata kama ni usiku. Ofisini kuna mtu wa kuisoma.