Mwizi Asiyepita Kizuizini



Leo hatuzungumzii magendo wala wizi wa mifugo, bali mwizi asiyepita kizuizini: programu hasidi. Huingia nyumbani kwa flashi iliyozunguka madukani pande zote mbili za mpaka, akafunga vyeti, picha na hesabu za biashara, kisha akadai malipo ili azifungue.

Kinga yake si lazima inunuliwe. Kompyuta ya Windows 10 au 11 huja na Microsoft Defender bila malipo. Hakikisheni imewashwa na inasasishwa. Mkipendelea nyingine ya bure, kama Avast au Bitdefender, ipakueni katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Msiweke mbili zilinde kwa wakati mmoja, kwani hugongana na kuilemea mashine. Tangazo lizukalo ghafla likidai kompyuta ina virusi, msilibonyeze. Mara nyingi ndilo mtego wenyewe.

Nakala za nyaraka muhimu zihifadhiwe katika diski isiyoachwa imechomekwa. Aliyedhurika asilipe kwa siri, wala asione haya: aje kituoni, nasi tutamsikiliza.