JIWE LINA ALAMA YAKE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na wakaaji wa mji wa Kolwezi)



Nimeitwa niseme juu ya bomu la atomiki. Labda mtu atauliza: Sisi watu wa shaba na kobalti, bomu linatuhusu nini? Linatuhusu sana, kwa sababu sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ilitoka katika udongo wetu.

Mwaka 1915 urani ilivumbuliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwaka 1940 mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani liliangushwa Hiroshima. Wazee wetu waliochimba na kupakia mawe hayo hawakuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani.

Leo mataifa 9 yana silaha hizo. Yanasema: Tunaziweka ili adui aogope kutupiga. Lakini hofu hiyo yafaa tu ikiwa mpigaji anajulikana. Bomu likiletwa kwa siri ndani ya sanduku, atalipizwa nani? Ndiyo sababu wataalamu wamejifunza kusoma alama za urani.

Sikilizeni wanavyofanya. Katika urani ya ardhini, aina iitwayo 235 ni kiasi cha 7 katika kila 1,000. Ikizidi hapo, wanajua imepita katika mitambo ya kuiongeza. Tena wanapima vitu vingine vilivyochanganyika nayo, kwa maana miamba ya kila mahali ina mchanganyiko wake. Tena urani hugeuka polepole kuwa vitu vingine. Kwa kuvipima, wanajua ilisafishwa lini. Lakini alama hizo hazitoshi bila daftari. Lazima zilinganishwe na mawe yaliyokwisha kupimwa na kuandikwa, kama vile alama ya kidole isivyofaa kitu pasipo jina.

Nchi yetu imeyaona haya. Katika miaka ya 1970 fimbo 2 za urani zilipotea katika mtambo wa atomiki wa Kinshasa. Mwaka 1998 moja ilikamatwa Italia.

Na hapa Kolwezi je? Miamba yetu ya shaba na kobalti mahali pengi ina urani ndani yake. Mwezi wa Novemba 2018 kobalti ya Kamoto ilisimamishwa isiuzwe nje, kwa sababu urani iliyokuwamo ilizidi kiasi kilichokubaliwa bandarini. Ndugu zangu, fikirini jambo hilo. Bandari ina kipimo chake. Gunia lina kipimo chake. Mtu aliyelichimba gunia hilo kwa mikono yake, akavuta vumbi lake, akalala nalo nyumbani pamoja na watoto, kipimo chake kiko wapi?

Kwa hiyo tudai mambo matatu.

Kwanza, kila achimbaye au asafishaye mawe yenye urani apimwe mionzi, na apewe karatasi yake mkononi.

Pili, vumbi na maji ya mitaa yetu yapimwe, na hesabu isomwe mbele ya watu kwa Kiswahili.

Tatu, sisi wenyewe tusikubali kubeba mawe ya siri kwa ahadi ya fedha nyingi. Mnunuzi atapotea, lakini alama ya jiwe itarudi mpaka shimoni, na wa kwanza kushikwa atakuwa mchimbaji. Kumbukeni Shinkolobwe: mwaka 2004 Rais alitoa amri ya kufunga mgodi ule, watu wakaendelea kuchimba, na mwezi wa Julai mwaka huo huo ardhi ikawaporomokea, wengine wakafa.

Septemba 2022 nchi yetu ilithibitisha mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia. Ni neno la heshima mbele ya dunia. Lakini neno hilo litalindwa hapa, penye koleo na gunia, kwa daftari lililo wazi. Wenye nguvu wamejua kuhesabu kila chembe ya urani kwa kuogopa bomu. Basi na wajue kuhesabu watu walioitoa ardhini.

Jiwe lina alama yake. Mchimbaji naye awe na hati yake.