Kiwewe: Jeraha Lisilotoka Damu

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kiwewe, na jinsi jina tunaloyapa maradhi haya linavyoweza kumsaidia mgonjwa au kumtenga.

Nchini Rwanda, kila ifikapo tarehe 7 Aprili, taifa huanza maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Katika mikusanyiko hiyo hutokea mtu aliyekuwa ametulia akapiga ukelele ghafla, akahema, akatetemeka, ama akakimbia kana kwamba wauaji wamerejea. Wanyarwanda huiita hali hiyo ihahamuka, neno linalohusishwa na mapafu na kukosa pumzi.

Madaktari huitazama hali hiyo pamoja na maradhi ya msongo yanayofuata tukio la kutisha. Dalili zake ni kumbukumbu zinazojirudia bila hiari, jinamizi, kushtuka upesi, na kukwepa chochote kinachokumbusha tukio. Zikizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha, mtu huyo anahitaji mtaalamu.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili uliofanywa Rwanda mwaka 2018 uliyakuta maradhi hayo kwa asilimia 3.6 ya watu kwa jumla, lakini kwa manusura ilikuwa asilimia 27.9. Ilikwisha pita miaka 24. Muda pekee, basi, hautoshi kuponya.

Neno ihahamuka halimwiti mtu mwendawazimu, wala halisemi amepagawa na pepo. Lamtambua kuwa ni mtu aliyeumizwa. Ndiyo maana katika maombolezo huwapo washauri nasaha, ambao humtoa penye umati, wakamkalisha mahali palipo kimya, wakamtuliza hadi pumzi zimrudie.

Kwa wasikilizaji wetu walio ughaibuni, wakiwamo waliokimbia vita Burundi na Kongo ya mashariki, kiwewe hakibaki mpakani. Mzee asiyelala usiku, au anayeondoka sebuleni habari za vita zikitangazwa, asichekwe, wala asilazimishwe kusimulia yaliyomfika. Kaeni naye, mwulizeni kwa upole, kisha mfuatane naye kwa daktari. Tiba ya mazungumzo ipo, na dawa zipo kwa wanaozihitaji.