MAZUNGUMZO YA AFYA: PRIONI HAZIKAI UBONGONI PEKE YAKE

Yafuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wananchi wote, hususan wachinjaji, wauza nyama na watumishi wa afya.



Ilipotangazwa nchini Uingereza, tarehe 20 Machi 1996, kwamba yumkini maradhi ya kichaa cha ng'ombe yamewafikia wanadamu, wengi walidhani kuwa inatosha kuuepuka ubongo wa mnyama. Dhana hiyo ina upungufu.

Kinacholeta maradhi hayo si bakteria wala virusi. Ni protini, nayo ilipewa jina la prioni mwaka 1982 na mtaalamu wa Marekani, Stanley Prusiner, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Protini ya asili imo mwilini mwa mwanadamu na mnyama mwenye afya. Prioni ni protini ile ile iliyojikunja kombo, na kila inapoigusa iliyo nzima huipotosha ifanane nayo. Msusi wa mikeka ataelewa: ukindu ni ule ule, kombo limo katika usukaji. Ila ukili uliopotoka hauwapotoshi wenziwe.

Mnyama anapokula chakula chenye prioni, hazikimbilii ubongoni. Hupenya ukuta wa utumbo mwembamba, hasa sehemu yake ya mwisho, zikaingia katika vijitezi vya kinga vilivyomo humo. Ndani ya vijitezi hivyo mna seli zenye matawi mengi, ambazo kazi yake ni kunasa vitu vya kigeni na kuvishikilia ili askari wa mwili wavitambue. Seli hizo zimejaa protini ya asili, na kwa hiyo prioni hupata hapo malighafi ya kuzaliana. Askari nao hawapigani, kwani humwona mgeni huyu kuwa ni mtu wa nyumbani. Mgonjwa hapati hata homa. Kutoka hapo huenea katika bandama na tezi nyingine, kisha hufuata mishipa ya fahamu ya matumboni na kupanda taratibu hadi uti wa mgongo na ubongo. Katika panya wa maabara, bandama huwa na prioni tele wakati ubongo ungali safi.

Si wanyama wote walio sawa. Kondoo mwenye maradhi ya skrepi huwa nazo katika tezi, bandama na hata kondo la nyuma. Kwa ng'ombe, nje ya ubongo, uti wa mgongo na mwisho wa utumbo, ni chache mno. Hata hivyo, Uingereza ilipopiga marufuku mwaka 1989, haikutaja ubongo tu, bali pia bandama, utumbo na mafindofindo.

Kwa mwanadamu aliyeambukizwa na ng'ombe, prioni zimeonekana katika mafindofindo, bandama na kidole tumbo. Mwaka 2013 zilitolewa habari za uchunguzi wa vidole tumbo 32,441 vya wagonjwa wa kawaida wa upasuaji huko Uingereza: 16 vilikuwa na protini hiyo mbovu. Waliofariki nchini humo kwa maradhi haya ni 178, na baadhi yao waliyapata kwa kuongezewa damu. Ndiyo sababu tangu mwaka 1999 damu ya Uingereza huondolewa chembe nyeupe. Na Marekani, hadi mwaka 2022, ilikataa damu ya aliyeishi Uingereza miezi mitatu au zaidi kati ya 1980 na 1996, awe Mwingereza au mgeni aliyekwenda kusoma.

Kuchemsha hakuziui prioni, wala dawa ya formalini haiziui. Vyombo vya upasuaji huhitaji mvuke wa nyuzi 134 za Selsiasi kwa dakika 18, na vingine hutupwa kabisa.

Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba maradhi ya prioni yamegunduliwa katika ngamia wa machinjioni huko Ouargla, Aljeria. Prioni zilikutwa pia katika tezi zao. Wafugaji wa huko walikuwa wamekwisha kuwaona wanyama hao wakitetemeka na kuyumbayumba.